Dakika Arobaini na Saba za Bi Darubini

Rudia hilo neno ulilosema. "Hawa wa maabara wanavuta miguu." Nimelisikia, usijifanye unakohoa. Kaa hapohapo kwenye benchi, ndugu yangu. Pole kwa kuumwa, lakini neno hilo umelisema mbele ya mtu asiyefaa. Mimi ni bawabu wa mlango huu, na mwanamke unayemsema ni dada wa mke wangu. Hiyo damu waliyokutoa sasa hivi iko mkononi mwake. Muda unao, na mimi ninao.

Tazama ukutani, juu ya kichwa changu. Unayaona hayo matundu manne ya skrubu, na hapo katikati rangi imebaki nyeupe kuliko ukuta mwingine? Palikuwa na skrini hapo, pana kama mlango wa kabati. Kwa miezi minne skrini hiyo ilimwandika shemeji yangu kwa rangi nyekundu mbele ya kila aliyeingia hospitali hii, mgonjwa na mzima, hata yule aliyeingia kuuliza choo kiko wapi. MAABARA: DAKIKA 47. Chini yake maneno madogo: kitengo kinachochelewesha huduma. Nikiyakumbuka maneno hayo mpaka leo mate yanakuwa machungu mdomoni.

Ngoja nianze na yeye mwenyewe, maana siku zile ilisomwa namba tu, mtu hakusomwa.

Jina lake la kwenye cheti hulisikii humu ndani. Anaitwa Bi Darubini, na hata barua za ofisi zinamfikia zimeandikwa hivyo kwenye bahasha. Miaka ishirini na minne ameinamia darubini ileile ya kutazamia damu, amekalia kile kiti kirefu kisicho na mgongo, amekifungia mto alioushona mwenyewe kwa sare kuukuu. Jicho lake la kushoto limezoea kufumba. Akikusikiliza kwa makini analifumba, na wageni wanadhani anawakonyeza. Kuna mganga mmoja mgeni alikaa wiki nzima anachana nywele kabla ya kuingia maabara, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia ukweli.

Mke wangu amelelewa naye. Wazazi wao walipofariki, Bi Darubini alikuwa na miaka kumi na tisa na mke wangu saba. Alimsuka, alimfulia, alimkagulia madaftari ya shule, akamkeshea homa zake zote. Mimi nilipokwenda kuposa sikukuta wazee, nilimkuta yeye, ameketi peke yake kwenye kochi kama baraza zima la ukoo. Swali lake la kwanza halikuwa kabila wala elimu. Aliniuliza, "Wewe ukiagizwa kitu, unafikisha?" Nikasema nafikisha. Akafumba jicho. "Haya, tutaona."

Nikajua ni utani wa mashemeji. Utani wapi! Miezi miwili baadaye nikapata kazi ya utarishi hapa hospitali, na wa kwanza kunituma akawa yeye.

Siku hizo majibu ya vipimo yalikuwa yanaandikwa kwenye vikaratasi, na mimi ndiye niliyeyapeleka wodini kwa miguu yangu hii. Bi Darubini alinipa sheria moja. "Shemeji, usiniambie umefikisha mpaka muuguzi ameandika kwenye kitabu chake na ameweka sahihi kwenye chako." Je, muuguzi akiwa na shughuli? Subiri. Je, akinifokea? Fokewa, lakini subiri. Na nikiwa nimekwama wodini na vikaratasi kumi na tano mkononi, nikirudi mbio maabara kuchukua vingine kabla hivyo havijaandikwa, hanipi ng'o. "Mikono yako ina kikomo," anasema. "Nikikuongezea utaangusha, na ukiangusha mimi nitajua saa ngapi?" Kwa hiyo wodi ikiwa nzito, na maabara ilisimama. Ilikuwa inaudhi, sikufichi. Lakini miaka tisa niliyobeba, hakuna karatasi hata moja iliyopotea.

Sheria ile ilikuwa na sababu. Kabla yangu kulikuwa na tarishi mwingine, mcheshi, mwepesi, kila akirudi anasema "tayari, nimefikisha," na kumbe vikaratasi bado viko kwenye mfuko wa shati, atavigawa akipata nafasi. Siku moja shati likafuliwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na jibu la mtoto aliyekuwa anasubiri kuongezewa damu. Bi Darubini alinisimulia habari hiyo mara moja tu, tena hakuimaliza.

Basi, dunia ikaendelea, kompyuta zikaletwa. Fundi wa kompyuta, mwanamume mzima mwenye ndevu na watoto watatu, akatukusanya akatueleza. Alisema kati ya maabara na wodi kutakuwa na mtambo wa kupokea ujumbe huku na kuukabidhi kule, na mafundi wenzake duniani kote wanauita dalali. Sisi tukaona jina tumeshapata. Dalali huyu ukimpa jibu la kipimo, hasemi "nimepokea" mpaka kwanza ameliandika kwenye hifadhidata, yaani lile ghala la maandishi lililo ndani ya kompyuta kubwa kule chumba cha chini. Akishaandika, hata umeme ukikatika, jibu lipo. Na ghala likiwa zito kuandika, majibu yanamrundikia kichwani. Kichwa chake kina kikomo. Kikikaribia kujaa, anawafungia breki watumaji: kwenye kompyuta ya maabara kitufe cha kutuma kinakuwa kijivu, yanatokea maneno "Tafadhali subiri," na huwezi kutuma kingine mpaka Dalali ashushe mzigo.

Watu walipiga miayo. Bi Darubini alifumba jicho moja muda wote, na mwisho akasema, "Kwa hiyo mmemwajiri shemeji yangu, ila huyu hali chakula."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Na mimi nilicheka, ingawa ndiyo siku niliyopoteza kazi ya kubeba karatasi nikaletwa mlangoni. Bi Darubini alimpenda Dalali toka siku ile. Aliniambia, "Anachelewa pale tu anapopaswa kuchelewa."

Miaka ikaenda vizuri. Ndipo akaja Mkurugenzi mpya.

Sina neno na msomi, lakini yule bwana alikuwa na ugonjwa wa takwimu. Ukimwambia "habari za asubuhi" anataka asilimia. Wiki ya tatu akaamuru skrini itundikwe hapa mlangoni, ili wagonjwa na wageni wa heshima waone kasi ya kila kitengo. Fundi akaitengeneza. Na sikiliza ilivyopima, uone uonevu ulivyo na akili: saa ilianza kuhesabu pale Bi Darubini anapomaliza kuandika jibu kwenye kompyuta yake, ikasimama pale jibu linapotokea wodini. Muda wote huo wa katikati, ambao yeye ameshamaliza kazi yake, anatazama kitufe cha kijivu, uliandikwa kwa jina la maabara! Ni sawa na mimi nikuandikie barua, mwenye posta alale nayo, halafu wewe unigombeze kwa mwandiko mbaya.

Mwanzoni skrini ilibadilisha namba zake kila dakika tano, na maabara ikasoma dakika kumi na tisa. Mkurugenzi akasema haikubaliki, isimamiwe kwa karibu. Akaamuru ibadilike kila dakika moja. Maabara ikapanda mpaka thelathini. Akawaka kama kibiriti. Akataka kila sekunde tano. Maabara ikafika arobaini na saba na rangi ikawa nyekundu. Mimi nilikuwa hapa hapa chini yake nafungua mlango na kufunga, natazama namba ya shemeji yangu ikipanda, sina la kufanya.

Na watu ni watu. Waliacha kusema majibu yamechelewa, wakaanza kusema Bi Darubini amezeeka. Madaktari aliowafundisha kushika kichupa wakapita dirishani kwake bila salamu. Mke wangu alikwenda sokoni kununua nyanya, mwanamke asiyemjua akamuuliza, "Eti wewe ndiye mdogo wake yule anayechelewesha damu za watu?" Alirudi bila nyanya. Aliketi jikoni akalia mpaka kanga ikaloa, na mimi nikasimama mlangoni kwangu nikijua hata huo mlango siujui kuulinda.

Yeye mwenyewe hakulia. Alikuja nyumbani jioni ile, akamkuta mdogo wake macho yamevimba. "Nani amekupiga?" akauliza. Mke wangu akamweleza. Bi Darubini akasema, "Kesho nitanunua hizo nyanya mimi." Na alikwenda, kwa yule yule mwanamke, akamsalimu, akachagua moja moja.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Mkurugenzi akamwita fundi akamuuliza: hiyo breki ya Dalali haiwezi kuondolewa? Fundi akasema inawezekana. Dalali anaweza kuambiwa aseme "nimepokea" papo hapo, halafu aandike baadaye akipata nafasi. Saa ya skrini itasimama kwenye hilo "nimepokea", na namba zitashuka mpaka dakika mbili. Kilichotakiwa ni sahihi ya mkuu wa maabara tu, kwamba ameridhia.

Wakamletea karatasi. Bi Darubini akaisoma mara mbili. "Na umeme ukikatika kabla hajaandika?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Yale yaliyo kichwani mwake yatapotea, mama."

"Na mimi kompyuta yangu itakuwa imeniambia yamefika."

"Ndiyo."

"Na wodi haitajua hata kwamba kulikuwa na jibu la kusubiri."

"Ndiyo, mama."

Akaisukuma karatasi. "Mwambie aliyekutuma, tarishi wa namna hiyo nilishawahi kuwa naye."

Ndugu yangu, fikiri. Mwanamke ambaye kwa sahihi moja angeondoka kwenye nyekundu, akawa kijani, akapigiwa makofi, amekataa. Kwa ajili yako wewe hapo unayesema anavuta miguu! Na malipo yake yalikuwa barua. Alhamisi saa nne aje mbele ya kikao ajieleze kwa uzembe na ukaidi. Asipojieleza vizuri, anaondolewa maabara na kupelekwa stoo ya mashuka. Ilikuwa imebaki miaka mitatu astaafu. Miaka mitatu! Mtu ameangalia damu ya mji mzima, unamalizia naye kwa kumhesabisha foronya.

Barua hiyo aliipata siku ya Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku Mungu alinifungua macho.

Jumamosi mama wa usafi analeta mashine ya kusugua sakafu ya ukumbi huu. Soketi iliyo karibu ni ile moja, pale nyuma ya nguzo, na ndiyo iliyokuwa na plagi ya skrini. Kwa hiyo kila Jumamosi anachomoa skrini, anachomeka mashine, anasugua, anapaka nta, anasubiri ikauke. Asubuhi nzima ukuta mweusi. Mimi nilikuwa nimezoea, hata siwazi. Siku ile nilipeleka kiti cha magurudumu karibu na maabara, nikamkuta shemeji yangu anabonyeza, jibu linakwenda, anabonyeza, linakwenda, kitufe hakigeuki kijivu hata kidogo.

Nikamtania. "Shemeji, leo Dalali amekunywa uji?"

"Jumamosi huwa ana adabu," akasema, bila kuinua kichwa.

"Kwa sababu wagonjwa wachache?"

Hapo akainua. "Wachache? Jumamosi ndiyo siku ya ajali, Jumamosi nina vichupa mara mbili." Akafumba jicho. Tukatazamana.

Jumatatu sikusema kitu. Jumanne saa tano, saa ambayo nyekundu ilikuwa imekolea kabisa, nilijifanya nafunga kamba ya kiatu nyuma ya nguzo, nikachomoa plagi. Nikaenda maabara mbio, mimi na magoti yangu haya. Nilipofika dirishani kitufe kilikuwa kijivu. Nikahesabu. Kufika dakika ya sita kikapata rangi. Majibu yakaanza kwenda. Nikarudi nikachomeka. Baada ya robo saa, kijivu tena. Nikachomoa. Rangi. Nikachomeka. Kijivu.

Nikamfuata fundi chumba cha chini. Sikubisha hodi. Nikamwambia nilichokiona, nikamwambia nataka maelezo ya kibinadamu, si ya kifundi. Akakaa chini. Akasema nyuma ya skrini kuna kijisanduku kinachokula umeme wa plagi ileile, na kila sekunde tano kijisanduku hicho kinaiuliza hifadhidata: nihesabie majibu yote tangu mwaka uanze, kila moja lilichukua dakika ngapi. Na hifadhidata ni hiyo hiyo moja Dalali anayoandikia. Haijamaliza hesabu ya kwanza, imeulizwa ya pili. Dalali akija na jibu lake la kuandika, anaambiwa ngoja. Anangoja, anarundikiwa, anajaa, anafunga breki.

Umewahi kumwona mtu anayefunua sufuria kila dakika kutazama kama chakula kimeiva, kisha anamfokea mpishi kwamba moto wake hafifu? Basi.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ile skrini inayotangaza kwamba maabara inachelewa..."

"Ndiyo inayoichelewesha."

"Na kila alipotaka kumsimamia kwa karibu zaidi..."

"Alizidi kumkaba, kaka."

"Umejua lini?"

Akaanza kukunja waya uliokuwa mezani.

"Nimekuuliza, umejua lini?"

"Mwezi wa pili."

Mwezi wa pili kati ya minne! Alijua wakati mke wangu analia jikoni. Alijua alipompelekea ile karatasi ya sahihi. Akaanza kuniambia ana watoto watatu, skrini ile ameiagizwa na Mkurugenzi mwenyewe, atamwambiaje? Nikamwambia, "Yule mwanamke alilea mtoto asiyemzaa akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna siku aliyomtumia mtoto huyo kuficha uwongo." Nikatoka nikaupiga mlango. Kitasa kikabaki mkononi mwangu, ikabidi nirudi nikipachike, aibu juu ya hasira.

Jioni nilimweleza Bi Darubini. Sikuona mshangao usoni mwake. Alisema tu, "Nilijua Dalali hana kosa." Kisha akaniambia, "Kikaoni useme ulichokiona kwa macho yako. Cha fundi muachie fundi, akiseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Basi tutakuwa tumemjua."

Alhamisi. Meza ndefu, chupa za maji, Mkurugenzi katikati. Kushoto kwake metroni, mkuu wa wauguzi, mama mmoja hana mchezo. Kulia watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia kwa kichwa. Fundi kwenye kona na kompyuta yake mapajani. Kanuni zinamruhusu mtumishi kuja na mtu mmoja wa kumsindikiza, na Bi Darubini alikuja na mimi.

Mkurugenzi akatabasamu. "Umeleta bawabu?"

"Nimeleta tarishi," akasema, akaketi.

Nilisimama nikasema yote niliyoyaona: Jumamosi, mashine ya sakafu, plagi, kijivu na rangi. Nilipomaliza, Mkurugenzi alinitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye glasi.

"Tunashukuru kwa maoni," akasema. "Lakini hapa tunakwenda na takwimu."

Nyani haoni kundule, nikasema moyoni, na nadhani midomo yangu ilicheza.

Bi Darubini akazungumza kwa utulivu. "Zimeni skrini saa hii, mwone."

"Tukiizima," Mkurugenzi akasema, "tutajuaje kama maabara imeharakisha? Skrini ndiyo inayopima."

Na wale wawili wakaitikia kwa kichwa! Wallahi, watu wazima wenye vyeti, wakaitikia. Yaani kitu kinachomkaba mtu ndicho hicho hicho kinachoaminiwa kutangaza kwamba anapumua. Nilikuwa naelekea kutukana, na kazi yangu ingekwenda na maji siku ile, ndipo metroni akaweka kalamu mezani.

"Kabla ya skrini tulikuwa tunajuaje?" akauliza. Hakungoja jibu. "Wodi ya wazazi inasubiri majibu ishirini na sita tangu saa tatu. Wauguzi wangu wana macho. Bawabu, nenda kachomoe."

Nikashuka ngazi mbili mbili. Maishani mwangu sijawahi kuchomoa kitu kwa raha kama ile. Niliporudi kila mtu alikuwa anatazama kitu chake. Dakika moja. Tatu. Tano. Mkurugenzi akaanza kugongagonga meza kwa kidole. Dakika ya saba simu ya metroni ikaita, akaiweka hewani wote wasikie. "Metroni, yameingia! Yote ya asubuhi, yanafululiza, mpaka printa imeishiwa karatasi."

Metroni akamgeukia fundi. Hakupaza sauti. "Mwanangu, wewe ulikuwa unajua?"

Fundi akasimama. Kompyuta nusura imwanguke. Akasema alijua, akasema tangu lini, akasema na sababu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliposema, alisema bila kupunguza neno. Bi Darubini alimtazama kwa macho yote mawili.

Sasa subiri usikie ya Mkurugenzi. Alikunywa maji. Akapanga karatasi zake. Akasema, "Naona changamoto ya kiufundi imepatiwa ufumbuzi. Mama, unaweza kurudi kazini. Tufunge faili."

Changamoto ya kiufundi! Kwa miezi minne lilikuwa kosa la Bi Darubini, lina jina, lina rangi, lina ukuta. Lilipogeuka kuwa lake yeye, ghafla likawa halina mwenyewe.

Bi Darubini hakuinuka. "Nimeanikwa ukumbini," akasema. "Siwezi kuanuliwa chumbani. Naomba siku moja tu. Skrini hiyo iwekwe maneno, herufi kubwa kama zile zile, kwamba maabara haikuwa na kosa. Maneno matupu hayaiulizi hifadhidata kitu."

"Haiwezekani," Mkurugenzi akasema. "Hospitali haiwezi kujitangaza vibaya mbele ya wagonjwa."

Hospitali haiwezi! Bi Darubini aliweza kutangazwa. Hata metroni alipobisha, kikao kilikuwa kimeshafungwa na wale wawili wameshaitikia. Asubuhi ya pili mafundi wakaishusha skrini, wakaifunika shuka, wakaipandisha ofisini kwake. Nasikia sasa inauliza mara moja tu kwa siku, tena inauliza nakala ya hifadhidata, haimgusi Dalali. Bi Darubini alipewa barua ya mstari mmoja: "Suala lako limefungwa." Ameifungia chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi.

Ukimwona kazini utasema yameisha. Wiki ile nilimuuliza, "Shemeji, bado umenuna?" Akanijibu, "Nina vichupa arobaini, nitanunia saa ngapi?" Kitufe hakiwi kijivu ovyo siku hizi, na kikiwa, anakunja mikono anasubiri, kama zamani.

Lakini mlango huu hapiti tena. Miaka ishirini na minne aliingia hapa, na tangu niletwe mlangoni ananitania kuhusu kofia yangu, ananiuliza mdogo wake amelalaje. Sasa anazunguka kwa nyuma, kwa dobi, kwenye maji ya sabuni na mashuka machafu, ili asipite mbele ya benchi hili lililomsoma jina lake kwa miezi minne. Hajaniambia sababu. Sijamuuliza, kwa sababu naijua, na kila asubuhi saa moja na nusu, saa yake ya kufika, mkono wangu unashika kitasa na hakuna wa kumfungulia.

Kwa hiyo nimejipa kazi. Wao walikuwa na skrini iliyosema na watu mia kwa mara moja. Mimi nina mdomo mmoja na benchi la watu sita. Nawachukua mmoja mmoja. Yule wa nyanya alikuja na mwanawe mgonjwa mwezi uliopita, nikamkalisha hapo hapo ulipo.

Unasikia? Wanaita jina lako dirishani, majibu yako tayari. Umekaa dakika ngapi, umehesabu? Basi nenda. Ila ngoja kwanza, usininyanyukie. Mimi nilifundishwa kazi na yule yule unayemfuata pale, na sisemi nimefikisha mpaka niliyempelekea ameniambia kwa kinywa chake.

Sema umepokea.